Mwaka wa Kwanza wa Shahada ya Sheria: Swali la Mjane

Waamini wengi hudhani kwamba kijana anayeanza shahada ya sheria hukaririshwa vifungu. Sivyo. Katika vyuo vikuu vya Tanzania huulizwa kwanza sheria hutoka wapi: Katiba, Bunge, hukumu za mahakama, na mila.

Kwenye mila ndipo penye uzito. Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963 liliandika mila za urithi za makabila yanayofuata ukoo wa baba. Humo mjane hana fungu iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Atunzwe na watoto. Je, ni amri halali? Je, ni ya haki? Hayo ni maswali mawili. Kwa Mtakatifu Thoma wa Akwino, sheria ni agizo la akili kwa mafao ya wote, lililotolewa na mwenye dhamana ya jumuiya na kutangazwa. Amri ile ilitangazwa, tena na mwenye mamlaka; tunaona kilichopungua.

Shahada pekee haimfanyi mtu kuwa wakili. Hufuata mafunzo ya vitendo, yaliyowekewa taasisi yake kwa sheria ya mwaka 2007. Hata hivyo, mwanafunzi huyo aweza kuwaambia wanajumuiya jambo moja: mahakama huangalia pia namna marehemu alivyoishi na nia yake. Basi mjane Mkristo asikubali upesi kwamba mila ndiyo inayomhusu.