Nani Aliwasha Moto?

Ndugu msomaji, kama hujawahi kuamka Njombe mwezi wa Julai, basi baridi unaisikia tu redioni. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na zipo asubuhi ambazo sakitu hulala juu ya majani kama chumvi. Kwetu Mawengi, upande wa Ludewa, nako si haba. Kwa hiyo usinicheke nikizungumza juu ya meko ya kuotea moto, yale ya ukutani, yenye dohani, fremu ya mbao na rafu juu yake.

Mwaka jana nilipata kibarua kwa fundi seremala mmoja pale Makambako. Mfanyabiashara fulani alikuwa amenunua fremu ya meko kutoka nyumba ya zamani ya walowezi iliyobomolewa. Mninga mtupu, bwana, lakini umepakwa rangi ya mafuta tabaka juu ya tabaka. Kazi yangu ilikuwa kuikwangua. Fundi alinikataza kupiga msasa mkavu wala kuibabua kwa moto, maana rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi na vumbi lake ni sumu. Nikavaa barakoa, nikawa nalowesha na kukwangua taratibu.

Sebule inakokwenda fremu hiyo haina dohani. Penye moto patawekwa taa za rangi, na juu ya rafu itakaa televisheni. "Tajiri anataka historia ndani ya nyumba yake," fundi aliniambia. Neno hilo likanikaa kichwani. Historia ya nani?

Tuanze mbali. Zamani hata Waingereza wa kawaida walikoka moto katikati ya nyumba, moshi ukajitafutia njia darini, kama tu ilivyokuwa kwa bibi zetu na mafiga yao matatu. Katika karne ya 16 ndipo madohani yalipoenea katika nyumba za watu wengi zaidi. Moto ukahamia ukutani, na rafu juu yake ikawa mahali pa kujionyesha: saa, vinyago, picha za wakubwa. Lakini moshi uliendelea kuwasumbua, hadi mwaka 1796 Count Rumford alipoandika namna ya kupunguza kina cha meko na kubana koo la dohani ili moshi upande juu. Baada ya moshi mzito ulioua maelfu London mwaka 1952, sheria ya hewa safi ya 1956 ilibana moshi wa majumbani. Meko mengi yakazibwa, na fremu zake leo huuzwa kama vitu vya kale.

Wakoloni walipopanda nyanda zetu za juu walikuta baridi iliyowakumbusha kwao, wakajenga meko. Kuni hazikuwa shida. Kuanzia 1949 shirika la maendeleo la makoloni la Uingereza lilikuwa na mashamba ya miwati Njombe. Magome yalitoa dawa ya kutengenezea ngozi, na mti wenyewe huwaka vizuri sana.

Nilipokwenda Mawengi nilimsimulia babu habari ya kibarua changu. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Na kuni analeta nani?"

Sikujua kama babu aliwahi kuwa boi. Vijana wengi wa rika lake walikwenda manamba kwenye mkonge wa Tanga. Yeye mwaka 1957, akiwa na miaka 15, aliishia Mufindi, nyumbani kwa meneja wa shamba moja la chai. Aliamka saa kumi alfajiri, akazoa majivu, akapasua kuni, akakoka moto, akapangusa rafu na kuirudisha saa mahali pake. Wenye nyumba wakiamka, sebule imeshapata joto.

"Na wewe ulikuwa unaota wapi, babu?"

"Jikoni, mjukuu wangu. Ule wa sebuleni niliuwasha tu. Miaka mitatu, sikuwahi kuuketia hata siku moja."

Yaani miaka yote hii nimeota moto na mzee huyu, akinipigia hadithi za sungura na fisi, na hii hakuwahi kuitoa. Kwani ningemuuliza lini, kama si ile mbao?

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Niliporudi Makambako tuliigeuza fremu, tukakuta mgongoni alama za penseli: vipimo, mistari, namba za kuunganishia. Jina hakuna. Fundi alishika randa ili alainishe. Nikamwomba auache upande ule kama ulivyo, kwani utaelekea ukutani na hakuna atakayeuona. Akanitazama, kisha akaiweka randa chini.

Nilitamani kuandika jina la babu pembeni ya zile namba. Sikuandika. Yeye hakuwasha moto wa nyumba ile, na mbao ile ina watu wake: aliyeichonga, na aliyeipangusa kila alfajiri. Ya babu yangu nimeiandika hapa. Nawe, kabla mzee wako hajazimika, hebu muulize aliota moto wapi.