Ziwa Linalovunjwa kutoka Chini: Hoja Kuhusu Kukauka kwa Maziwa ya Greenland

Tarehe 29 Julai 2006, ziwa lililokuwa juu ya barafu ya magharibi mwa Greenland, kusini mwa mto wa barafu wa Jakobshavn Isbræ, lilitoweka. Watafiti wamelipa jina la North Lake. Lilikuwa na eneo la kilomita za mraba 5.6 na takriban mita za ujazo milioni 44 za maji, yote yakiwa barafu iliyoyeyuka kwa jua la kiangazi hicho. Vipimo vilivyoachwa ndani yake vinaonyesha kwamba kwanza kina kilipungua polepole, kama sentimita moja na nusu kwa saa. Kisha ufa ukafunguka, na kwa muda usiozidi saa moja na nusu ziwa likawa limekwisha. Kwa wastani zilishuka mita za ujazo 8,700 kila sekunde, kiasi kinachozidi mtiririko wa kawaida wa maporomoko ya Niagara. Kipokezi cha GPS kilichosimikwa karibu na ufuko kilirekodi barafu yenye unene wa mita 980 ikiinuliwa mita 1.2, kisha ikitua tena ndani ya siku moja.

Sarah Das na Ian Joughin walipochapisha vipimo hivyo mwaka 2008, wasomaji wengi walivipokea kama uthibitisho wa nadharia ya zamani: maji ni mazito, barafu inazidiwa, inapasuka. Maelezo hayo yana ukweli, lakini ni nusu tu ya ukweli, na nusu inayokosekana ndiyo yenye uzito zaidi kwa anayetaka kukadiria mustakabali wa Greenland.

Tuanze na nusu iliyo imara. Mwaka 1973 Johannes Weertman alionyesha kwamba ufa mkavu katika barafu hauendi mbali, kwa sababu kadiri unavyoshuka ndivyo uzito wa barafu ya pande zote mbili unavyoubana mpaka ukajifunga. Ufa uliojaa maji una tabia nyingine. Mita ya ujazo ya barafu ina kilo 917 na ya maji kilo 1,000. Tofauti hiyo, ndogo kwa kuitazama, hukua kwa kila mita ya kina. Kwenye kina cha mita 980 maji yanaisukuma barafu kwa ziada ya kilopaskali 800 hivi, zaidi ya mara tatu ya upepo unaojazwa kwenye tairi la gari dogo. Kwa hiyo ufa ukishaanza, hauna sababu ya kusimama kabla ya kufika kwenye mwamba, ili mradi maji yasikatike. Na ni lazima yasikatike, kwa kuwa barafu ya Greenland ni baridi na maji machache yangeganda kwenye kuta za ufa kabla hayajafika popote. Hapo ndipo ziwa linapohitajika: ni tangi linalohakikisha ufa haukosi maji. Michael Krawczynski na wenzake walikadiria mwaka 2009 kwamba ziwa lenye kipenyo cha mita 250 hadi 800 tu lina maji ya kutosha kupasua kilomita nzima ya barafu.

Lakini Weertman alieleza ufa unavyosafiri, si unavyozaliwa. Kama wingi wa maji ungetosha, kila ziwa lingetoboka likishafika ujazo fulani, na kazi ya mtabiri ingekuwa kupima ujazo tu. Mambo hayako hivyo. Maziwa makubwa hukaa kimya hadi majira ya baridi yakaganda. Mengine hufurika na kumwaga maji yake kwenye vijito. Madogo jirani hupasuka. Mwaka 2018 Andrew Williamson na wenzake walipima kwa takwimu sifa nyingi za maziwa ya magharibi mwa Greenland wakitafuta ile inayoyatenga yanayotoboka ghafla na yasiyotoboka. Hawakuipata.

Kuna pingamizi zito zaidi, la kimekanika. Maziwa haya hukaa kwenye mabonde ya uso wa barafu, na mabonde hayo hufuata umbo la mwamba ulio chini; ndiyo maana yanarudi palepale kila kiangazi ingawa barafu yenyewe inapita na kwenda zake. Na mahali hapo, kwa kawaida, barafu imegandamizwa. Ufa huhitaji kuvutwa ili uanze. Yaani ziwa limekaa mahali pagumu kuliko pote kwa ufa kuzaliwa, na bado hupasuka.

Jibu lilitoka North Lake hiyohiyo. Laura Stevens na wenzake walilizungushia mtandao wa vipokezi vya GPS kati ya 2011 na 2013, wakachapisha matokeo mwaka 2015. Waliona kwamba saa 6 hadi 12 kabla ya ziwa kutoboka, barafu iliyo chini yake tayari ilikuwa imeanza kuinuka na kuteleza. Maji yaliyotangulia kupita kwenye mulini, yale mashimo wima ambamo vijito vya juu hutumbukia, yalikuwa yamefika kwenye mwamba, yakaitenga barafu na sakafu yake. Barafu inayoinuka kwa namna hiyo hujipinda, na uso wake ukivutwa vya kutosha, mgandamizo wa kawaida hushindwa kwa muda mfupi. Muda huo mfupi unatosha. Nafasi ya kupita hufunguliwa kutoka chini, na uzito wa maji ya ziwa humalizia kazi.

Anayepinga atasema kwamba tumelisogeza swali tu: maji ya kwanza nayo yalipitia wapi? Yalipitia kwenye matundu yaliyokwisha kuwepo, katika barafu ya karibu iliyokuwa ikivutwa badala ya kubanwa. Na hilo ndilo linalobadilisha mjadala. Ziwa haliwezi tena kutazamwa peke yake, kwa kuwa hatima yake inategemea maji ya mahali pengine, pengine ya ziwa jirani. Poul Christoffersen na wenzake walifuata hoja hiyo mwaka 2018: katika tukio moja walilolieleza, maziwa 124 yalikauka ndani ya siku tano, kila moja likitikisa barafu iliyoshikilia lingine.

Antaktika inatoa mfano wa namna nyingine. Mapema mwaka 2002 bamba la barafu linaloelea la Larsen B, takriban kilomita za mraba 3,250, lilisambaratika ndani ya majuma machache baada ya maelfu ya maziwa yake kukauka kwa siku chache. Chini yake kulikuwa na bahari, si mwamba, kwa hiyo hapakuwa na sakafu ya kulainishwa. Alison Banwell na wenzake walipendekeza mwaka 2013 kwamba bamba linaloelea hubonyea chini ya uzito wa ziwa, na ziwa likiondoka hurudi juu, likiivuta barafu ya kando mpaka ziwa jirani nalo lipasuke. Njia ni tofauti kabisa, ila muundo ni uleule: jirani ndiye anayefyatua.

Tofauti hii, kati ya ziwa linalojipasua lenyewe na lile linalofyatuliwa na jirani, ina matokeo ya vitendo. Kristin Poinar na wenzake walihoji mwaka 2015 kwamba hata kama joto litasogeza maziwa juu ya mwinuko wa mita 1,600, barafu ya huko huenda polepole mno, haivutwi vya kutosha kupasuka, hivyo maji yatatiririka juu mpaka yakute matundu ya chini zaidi. Hoja yao ni nzuri kwa barafu iliyotulia. Lakini kama nguvu ya kupasua inaweza kusafiri kutoka ziwa moja hadi lingine, utulivu wa leo si kipimo cha kutegemea, na Christoffersen na wenzake waliripoti nyufa ndani sana ya nchi, mahali palipodhaniwa salama. Mimi naegemea upande wao, kwa tahadhari, maana mkazo unaosafiri hupungua kadiri unavyokwenda, na kuruka kilomita chache si sawa na kuruka mia. Wala kila tone linalofika chini halimaanishi barafu itakimbilia baharini: Christian Schoof alionyesha mwaka 2010 kwamba maji mengi yanayokuja mfululizo huchimba mifereji yake na kupunguza utelezi. Kinachosumbua ni mafuriko ya ghafla, na maziwa yanayotoboka ndiyo hasa yanayoyaleta.

Swali la kinachofanya ziwa lipasuke haliwezi kuamuliwa kwa kuongeza picha za setilaiti tu. Mwaka 2018 Thomas Chudley na wenzake walirusha droni juu ya mto wa barafu wa Store, magharibi mwa Greenland, wakakuta ziwa likitoboka. Maji yalishuka kwa saa tano hivi, kupitia ufa uliokuwa umebaki tangu zamani, lakini ziwa halikukauka lote. Setilaiti inayopita kila baada ya siku kadhaa ingeona ziwa lililopungua tu, na ingeliandika miongoni mwa yale yanayovuja polepole. Ikiwa makosa ya namna hiyo ni mengi, basi takwimu zilizoshindwa kutenganisha maziwa yanayopasuka na yasiyopasuka zilikuwa zikitafuta mpaka kati ya makundi mawili ambayo tayari yalikuwa yamechanganywa.