Kilichoua mkonge hakikuanzia Tanga

Ndugu msikilizaji, nawe ndugu msomaji unayeyapata mazungumzo haya gazetini, wiki mbili zilizopita mwalimu mmoja mstaafu alinifuata studio akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Ndani yake mlikuwa na kitabu cha kurasa arobaini hivi, kimechapwa vizuri na kujaladiwa. Ulikuwa ni mpango mkakati wa biashara yake. Mzee anataka kuchukua kiinua mgongo chake, aongeze na mkopo, apande mkonge huko Korogwe kama mkulima mdogo. Kazi ya kuuandika mpango alimpa mtaalamu mmoja wa hapa mjini, akamlipa fedha ambazo sitazitaja maana mke wake naye hununua gazeti hili.

Nikaufungua ukurasa wenye kichwa cha habari "Mazingira ya Nje". Palikuwa na mistari mitatu. Wa kwanza unasema nchi ina amani. Wa pili unasema mvua zinatosha. Wa tatu unasema: soko lipo. Basi.

Soko lipo! Ndugu msikilizaji, maneno hayo mawili nayafahamu tangu utotoni. Babu yangu mzaa baba alitoka Kigoma akiwa kijana, akaletwa mkoani Tanga kama manamba, akakata mkonge mpaka mgongo ukapinda. Mimi nimekulia upande wa Muheza, katika nyumba za kambi, nikiamshwa na king'ora cha kiwanda. Nilipokuwa darasa la pili king'ora kikanyamaza. Mashine ya kuchakata, ambayo wazee wetu waliiita korona miaka mingi kabla dunia haijalisikia jina hilo kwa ubaya, ikasimama na kuota kutu. Ukimuuliza babu kulikoni, alikuwa akijibu kwamba mameneja waliapa mbele yao: fanyeni kazi, soko la mkonge lipo, lilikuwapo enzi za Mjerumani na litakuwapo.

Hebu basi tuirejee historia hiyo, kwa sababu naamini ndani yake mna ukurasa ule ambao mtaalamu wa mwalimu wetu hakuuandika.

Mkonge si mmea wa kwetu. Aliyeuleta ni Mjerumani, bwana shamba Richard Hindorf, mwaka 1893. Alikuwa amesoma taarifa ya bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, juu ya nyuzi za Yucatán, huko Mexico, na hata jina la sisal ambalo Wazungu huuita mkonge linatokana na bandari ya huko. Akaagiza miche 1,000 kutoka Florida. Safari ilikuwa ndefu, ikapitia Hamburg, na miche iliyosalimika ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani ilikuwa 62 tu. (Ile hadithi kwamba miche iliibwa Mexico ikafichwa ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa nimeisikia mara nyingi, na ni tamu, lakini sina ushahidi wake.) Kutokana na miche hiyo 62 yakazaliwa mashamba yaliyoanzia pwani ya Tanga, yakafuata reli hadi Korogwe na kuelekea Moshi, mengine yakaenda Morogoro, Kilosa na Lindi. Ulipopatikana uhuru mwaka 1961, mkonge ulikuwa ukiiletea nchi karibu theluthi ya fedha zake za kigeni, na viwanda na mashamba yake yalikuwa na wafanyakazi zaidi ya 100,000. Hapakuwa na nchi duniani iliyoipita Tanganyika kwa mkonge.

Sasa swali ambalo wachache waliliuliza: zile singa zilikuwa zinakwenda kufanya nini? Sisi tuliziona zikianikwa, zikipigwa brashi, zikifungwa marobota na kupakiwa melini. Baada ya hapo ilikuwa kama zimetumbukia baharini. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa iligeuzwa kamba nyembamba za kazi za shamba. Mkulima wa ngano wa Marekani au Kanada alikuwa na mashine iliyokata ngano na kuifunga matita, na tita lilifungwa kwa kamba ya mkonge au ya jamaa yake wa Mexico. Hivyo riziki ya babu yangu pale Muheza ilikuwa imefungwa kwenye tita la ngano la mtu wa Kansas ambaye hakupata hata kulisikia jina la Muheza.

Mtu huyo wa Kansas akabadili mashine. Ikaja kombaini, inayokata na kupura papo hapo, haihitaji tita wala kamba. Kwa haki mkonge ungekwama hapo. Lakini bahati ikasimama upande wetu: ikatokea mashine nyingine ya kufunga majani makavu ya mifugo marobota, nayo ikahitaji kamba kwa wingi. Kisha ikaja vita. Mwaka 1942 Wajapani wakazishika Ufilipino na Java, ambako nyuzi za namna hii zilikuwa zinatoka, na Uingereza na wenzake wakabaki wanautegemea mkonge wa Afrika Mashariki, kiasi kwamba serikali ya kikoloni ilifikia kuwachukua watu kwa nguvu kuwapeleka mashambani. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaanzisha ofisi yao ya kukusanya vibarua, ile SILABU ambayo wazee wengi wa Kigoma na Songea wanaikumbuka. Halafu vita vya Korea, na mwaka 1951 bei ikaruka juu ajabu, kisha ikaporomoka, kisha mnamo 1963 ikapanda tena.

Mimi naona hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Kila bei iliposhuka, kuna jambo lilitokea ng'ambo likaiinua. Wenye mashamba wakajifunza somo baya, nalo ni kwamba bei ya mkonge ni kama kupwa na kujaa kwa maji, ukivumilia itarudi. Waliitazama bei kila siku kwa simu ya upepo kutoka London. Kilichokuwa kinaisukuma bei hiyo hawakukitazama.

Mwaka 1954, mjini Milan, Italia, mkemia Giulio Natta alifanikiwa kutengeneza aina mpya ya plastiki kutokana na gesi inayopatikana katika kusafisha mafuta. Inaitwa polipropilini. Mwaka 1957 ilianza kutengenezwa kiwandani kwa ajili ya biashara. Ni nyepesi, haiozi, haichomi mikono, na unaweza kuivuta ikawa uzi. Desemba 1963 Natta na Mjerumani Karl Ziegler walipokea Tuzo ya Nobel ya kemia huko Stockholm. Kumbuka mwaka huo, ndugu msikilizaji. Ndio mwaka bei ya mkonge ilikuwa nzuri, wenye mashamba wakichekelea. Mwaka uliofuata, 1964, nchi yetu ilivunja rekodi ambayo haijaifikia tena: karibu tani 230,000 za mkonge. Na mtu aliyeshika wembe alikuwa amekwisha vishwa nishani mbele ya mfalme wa Sweden, na habari zake zilikuwa magazetini. Hazikuwa siri.

Baada ya 1964 bei ikaanza kushuka, na safari hii maji hayakujaa tena. Kamba za plastiki ziliingia sokoni, na kule Brazil wakulima wadogo wa Bahia wakawa wanachakata mkonge kwa vimashine vidogo vya mkono kwa gharama ambayo shamba kubwa lenye reli yake, zahanati yake na mameneja wake lisingeweza kuifikia. Katika miaka ya 1970 Brazil ikatupita, na mpaka leo ndiyo ya kwanza.

Najua wapo watakaosema: acha kutuzungusha, mkonge uliuawa na Azimio la Arusha. Kweli, mwaka 1967 serikali ilichukua sehemu kubwa ya mashamba na kuyaweka chini ya shirika la umma. Lakini tazama tarehe. Bei ilikuwa imekwisha anza kuanguka miaka mitatu kabla. Wapo wenye mashamba ambao tayari walikuwa wameacha kupanda upya, na mkonge hauna haraka: ukipanda leo unakata mara ya kwanza baada ya miaka mitatu hivi, na ukifikisha miaka kumi au kumi na miwili unatoa mlingoti wake wa maua na kufa. Asiyepanda upya leo ameamua kufunga kiwanda kesho kutwa, hata kama king'ora bado kinalia. Serikali ilirithi ugonjwa. Hilo nalisema kwa haki.

Lakini haki hiyo hiyo inanilazimu niseme la pili. Mwaka 1973 nchi za Kiarabu zilibana mafuta na bei yake ikapanda kupita kiasi. Plastiki hutokana na mafuta. Hivyo kamba za plastiki zikapanda bei, na wanunuzi wakarudi kwa mbio kwenye mkonge. Mwaka 1974 bei ya mkonge ilikuwa ya kutamanisha kuliko wakati wowote tangu vita vya Korea. Adui aliyetupiga alikuwa ameanguka chini mwenyewe! Na sisi tulikuwa na nini ghalani? Tani zisizofika 150,000, kwa kuwa miche ambayo ingekatwa mwaka ule ilipaswa kupandwa mwaka 1970 au 1971, na haikupandwa vya kutosha. Hapo siwezi kumlaumu Natta wala Mjapani. Shirika lilikuwa na mipango ya miaka mitano, yenye tani zinazotarajiwa, idadi ya matrekta na idadi ya wafanyakazi. Hayo yote ni mambo ya ndani ya uzio wa shamba. Baadaye yakaongezeka na mengine, shilingi iliyopewa thamani isiyo yake, ukosefu wa vipuri, na kufika katikati ya miaka ya 1980 tulikuwa tunatoa tani kama 30,000 tu. Kenya, ambayo zamani tuliiona mdogo wetu kwa mkonge, ikatupita.

Kuna sadfa moja ambayo hunichekesha kwa uchungu. Mwaka huo huo wa 1967, huko Marekani, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard aitwaye Francis Aguilar alitoa kitabu juu ya namna mameneja wanavyochungulia mambo ya nje ya kampuni zao. Aliyagawa mafungu manne: uchumi, ufundi, siasa na jamii. Leo kila mwanafunzi wa biashara anayakariri, na ndiyo yaliyozaa ule ukurasa wa "Mazingira ya Nje". Mwaka 1979 mwenzake wa Harvard, Michael Porter, akaongeza jambo ambalo babu yangu angelielewa bila kwenda shule: kwamba mshindani wako si yule tu anayeuza unachouza wewe. Bidhaa mbadala nayo inakula sahani moja na wewe. Muuza mkonge wa Tanga alikuwa akimchungulia muuza mkonge wa Brazil, kumbe anayemmaliza amevaa koti jeupe na wala halimi.

Na msidhani plastiki yenyewe ilipata kinga. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini kwetu. Kenya walikuwa wametangulia mwaka 2017, na Rwanda mwaka 2008. Ndugu yangu mmoja pale Kariakoo alikuwa na stoo imejaa. Nilimwonya baada ya habari za Nairobi, akanijibu kwamba ya Kenya ni ya Kenya. Mifuko ile aliisalimisha.

Turudi kwa mwalimu. Alikuja tena juzi, nikamwamkia, tukaketi na kitabu chake mezani. Nikamwambia, Mwalimu, mimi sisemi usipande. Mashamba ya umma yalibinafsishwa miaka ya 1990, bei imepata nafuu, na mkonge una kazi ambazo babu hakuzijua: China wananunua, Saudi Arabia wanauchanganya na plasta ya majumba, na pale Hale waliwahi kuzalisha umeme kwa makapi, ukizingatia kwamba katika jani zima singa ni kama asilimia 4 tu na zinazobaki tulikuwa tunamwaga mtoni. Lakini miche utakayopanda mwaka huu utaikata baada ya miaka mitatu, na utaendelea kuikata miaka mingi baada ya hapo. Mkopo wako je, ni wa miaka mingapi?

Akasema ni wa minne.

Nikamuuliza: huyo atakayenunua singa zako anazipeleka wapi, na huyo naye anamuuzia nani, kwa kazi gani, na kazi hiyo inaweza kufanywa na kitu gani kingine? Plasta ile ikipata nyuzi nyingine, ujenzi wa Saudi Arabia ukipoa mafuta yakishuka bei, nani atakuambia, na atakuambia mapema kiasi gani?

Mwalimu akanyamaza kidogo. Halafu akatoa kalamu nyekundu mfukoni, ile ya kusahihishia madaftari, akaikata mistari mitatu ya mtaalamu wake mmoja baada ya mwingine. Akaniomba karatasi tupu.