Rimu na Matairi ya Porsche 911: Kutoka Inchi 4.5 hadi Inchi 8

Porsche 911 ilioneshwa kwa mara ya kwanza mjini Frankfurt mwaka 1963. Ilikuwa na rimu za chuma zenye kipenyo cha inchi 15 na upana wa inchi 4.5 tu, zilizovishwa matairi ya 165 HR 15. Wembamba huo uliitosha injini ya nguvu farasi 130 na mwendo wa juu wa kilomita 210 kwa saa. Mwendo huo ndio uliokuwa mpaka wa matairi yenye herufi H.

Ugumu wa gari hili ulitokana na mahali injini ilipowekwa, nyuma kabisa ya ekseli ya nyuma. Dereva aliyeingia kona kwa kasi kisha akaachia mafuta ghafla aliweza kukuta mkia wa gari ukitaka kutangulia mbele. Mabadiliko mengi ya magurudumu yaliyofuata yalilenga kuudhibiti mkia huo, huku nguvu ya injini ikizidi kupanda.

Toleo la 911 S la mwaka wa modeli 1967 lilileta rimu za aloi ya alumini kutoka kampuni ya Otto Fuchs ya Meinerzhagen, Ujerumani Magharibi. Rimu hizo hazikumiminwa kwenye kalibu. Zilifuliwa kwa shinikizo kubwa, na hivyo zikawa nyepesi bila kupoteza uimara. Rimu nyepesi huzisaidia springi kulirudisha tairi barabarani haraka baada ya kugonga tuta. Upana wake wa kwanza ulikuwa inchi 4.5, ukaongezwa kuwa 5.5 mwaka uliofuata, kisha 6 kwenye 911 S ya modeli ya 1969, pamoja na matairi ya 185/70 VR 15. Mwaka huohuo magurudumu ya nyuma yalisogezwa nyuma milimita 57 ili kupunguza mzigo unaoning'inia nyuma ya ekseli.

Hatua kubwa zaidi ilikuja na Carrera RS 2.7 ya modeli ya 1973, yenye nguvu farasi 210. Mbele ilibaki na rimu za inchi 6 na matairi ya 185/70, lakini nyuma ilipewa rimu za inchi 7 na matairi ya 215/60, na madigadi ya nyuma yakapanuliwa kuyapa nafasi. Mpango huo wa nyuma kuwa pana kuliko mbele ukawa desturi ya 911. Mwaka 1978 Turbo ya lita 3.3 ilihamia rimu za inchi 16, upana wa inchi 7 mbele na 8 nyuma, kwa matairi ya 205/55 na 225/50.

Namba hizo zina hesabu ndani yake. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu wake kama asilimia ya upana huo. Tairi la 185/70 kwenye rimu ya inchi 15 lina kipenyo kizima cha milimita 640. La 215/60 lina 639. La 205/55 kwenye rimu ya inchi 16 lina 632, na la 225/50 lina 631. Kwa hiyo upana uliongezeka sana na rimu ikakua, lakini kati ya matairi haya manne kimo cha gurudumu hakikutofautiana hata kwa sentimita moja. Kimo kikibadilika, spidomita hudanganya, uwiano wa gia huvurugika na tairi huweza kusugua digadi.

Upana mkubwa haufai kila mahali. Katika mbio za Safari za Afrika Mashariki, ambako 911 ilishika nafasi ya pili mwaka 1972, 1974 na 1978 bila kushinda, barabara zilikuwa za mawe, vumbi na matope. Katika njia za namna hiyo, ubavu mrefu huikinga rimu dhidi ya mashimo, na tairi jembamba hupenya tope likafikia udongo mgumu.

Anayechagua magurudumu ya 911 ya zamani huanza na kipimo cha kiwandani cha mwaka wa gari lake. Akitaka kupanua, hulinda kwanza kimo cha gurudumu, kisha hupima nafasi ndani ya digadi na umbali kati ya kitako cha rimu na mstari wake wa katikati, kwa kuwa rimu mbili za upana mmoja huweza kukaa tofauti. Nati tano zilizopangwa kwenye duara la milimita 130 hazitoshi kuthibitisha kwamba rimu inafaa. Tarehe ya kutengenezwa nayo husomwa ubavuni: kwa matairi ya kuanzia mwaka 2000, tarakimu nne huonesha wiki na mwaka. Tairi lililokaa ghalani miaka mingi hukauka na kupoteza mshiko hata kama kashata zake bado ni nzima. Kwa gari lenye injini nyuma, matairi mapya ya kipimo cha asili ni salama kuliko mapana yaliyozeeka.