Tuzo za uandishi wa maoni ya biashara

Tuzo za uandishi wa maoni ya biashara hutolewa kwa wanahabari wanaofafanua maana ya matukio ya kiuchumi na kutetea misimamo yao kwa ushahidi. Zinazosifika zaidi ni Tuzo za Gerald Loeb za Marekani, zilizoanzishwa mwaka wa 1957. Nchini Kenya, Baraza la Vyombo vya Habari lilianza kutuza wanahabari bora mwaka wa 2012.

Umuhimu wa uchambuzi huo hudhihirika Kisumu. Mwaka wa 1999, Muungano wa Ulaya ulipiga marufuku samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu, na bei ikaporomoka. Habari ilitangaza marufuku. Kumweleza mvuvi wa mbuta chanzo chake, na nani awajibike, kulihitaji mchambuzi.