Kemikali za ubongo zinavyoathiri furaha, hofu na huzuni

MOYO ndio unaobebeshwa sifa na lawama zote za hisia katika lugha ya Kiswahili. Mtu huvunjika moyo, hutiwa moyo, hukunjua moyo, na mwenye hofu huambiwa apige moyo konde. Hata hivyo, utafiti wa zaidi ya karne moja umeonyesha kwamba hisia hizo hutengenezwa ndani ya fuvu la kichwa, katika ubongo ambao kwa mtu mzima huwa na uzani wa takriban kilo 1.4.

Ubongo huo una seli za neva zipatazo bilioni 86. Aghalabu seli hizo hazigusani. Kati ya moja na nyingine pana mwanya mwembamba mno, kiasi kwamba maelfu ya mianya ya aina hiyo ingetoshea katika upana wa unywele mmoja. Ujumbe husafiri ndani ya seli kwa njia ya umeme, lakini ukifika ukingoni hauna budi kuvuka mwanya huo kwa msaada wa kemikali.

Kemikali inayotolewa na seli ya kwanza huelea hadi kwenye seli ya pili na kunasa katika vipokezi maalumu, mfano wa ufunguo unapoingia katika kufuli lake. Kazi ikishatimia, kemikali hiyo huvunjwavunjwa au hufyonzwa tena na seli iliyoitoa, ili itumike upya. Shughuli hii yote huchukua sehemu ndogo sana ya sekunde.

Maarifa haya si ya maabara pekee. Yanaihusu kila familia iliyo na kijana asiyetoka kitandani kwa wiki kadhaa huku jirani wakisema ni mvivu au amerogwa. Vilevile, yanamhusu kila mgonjwa aliyeandikiwa dawa na daktari asielewe inafanya nini mwilini mwake.

Moyo wa chura

Ni ajabu kwamba ushahidi wa kwanza kuhusu kemikali hizi ulipatikana kutoka kwa moyo. Mnamo 1921, mwanasayansi Otto Loewi, aliyekuwa akifunza katika Chuo Kikuu cha Graz nchini Austria, aliitoa mioyo miwili ya vyura na kuiweka katika maji ya chumvi ikiwa ingali inapiga. Aliusisimua kwa umeme mshipa wa neva wa moyo wa kwanza, nao ukapunguza kasi. Kisha aliyachukua maji yaliyouzunguka na kuyamimina kwenye moyo wa pili. Huo nao ukapunguza kasi, ijapokuwa haukuwa umeguswa na umeme wowote.

Maadamu kitu pekee kilichohama kilikuwa maji, ilibainika kwamba neva ilikuwa imetoa kemikali. Loewi alieleza baadaye kwamba wazo la jaribio hilo lilimjia usingizini. Alituzwa Tuzo ya Nobel mnamo 1936 pamoja na Mwingereza Henry Dale. Tangu wakati huo wataalamu wametambua zaidi ya kemikali 100 zinazopitisha ujumbe kati ya seli za neva.

Dopamini na tamaa

Inayotajwa sana miongoni mwa kemikali hizo ni dopamini. Mnamo 1957, Arvid Carlsson wa Uswidi aliwapa sungura dawa iitwayo reserpini, wakalala bila kujongea. Alipowadunga kemikali ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, waliamka na kuanza kutembea. Ugunduzi huo ulizaa tiba ya maradhi ya Parkinson, na Carlsson akatuzwa Nobel mwaka 2000.

Wengi huiita dopamini kemikali ya raha, lakini jina hilo halitoshi. Majaribio ya Wolfram Schultz kwa nyani katika miaka ya 1990 yalionyesha kuwa seli za dopamini husisimka mnyama anapopewa sharubati bila kutarajia. Akishazoea kwamba taa ikiwaka sharubati hufuata, seli husisimka taa inapowaka tu. Taa ikiwaka na sharubati isitokee, msisimko hushuka chini ya kiwango cha kawaida. Kwa hivyo, dopamini huhusika zaidi na matarajio na tamaa kuliko utamu wenyewe. Hii ni mojawapo ya sababu zinazofanya kamari imnase mtu, kwani mchezaji husisimuliwa na kile ambacho huenda kikaja.

Wakenya wanayo mifano yao. Majani na vikonyo vya miraa inayokuzwa Meru huwa na kemikali iitwayo kathinoni, ambayo huzilazimisha seli kumwaga dopamini na noradrenalini kwa wingi. Mtafunaji huchangamka, huzungumza sana, na hasikii njaa wala usingizi. Baadaye akiba hiyo inapopungua, huingia kununa, uchovu na kukesha. Kathinoni huharibika upesi mmea ukishakatwa, ndiyo maana miraa hufungwa kwa majani ya migomba na kusafirishwa kwa kasi kubwa. Uingereza, iliyokuwa soko muhimu la zao hilo, iliipiga marufuku Juni 2014.

Hofu na utulivu

Mtu anapokurupushwa na mbwa gizani, sehemu ndogo ya ubongo yenye umbo la lozi, iitwayo amigdala, hupiga king'ora kabla hata hajatambua ni mbwa wa nani. Noradrenalini huongezeka ubongoni, nazo tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu. Moyo hudunda, mboni za macho hupanuka na damu huelekezwa kwenye misuli. Dakika chache baadaye tezi hizo hizo hutoa homoni ya kotisoli, ambayo huuongezea mwili sukari ya kutumia.

Mpango huo humwokoa binadamu hatari inapokuwa ya muda mfupi. Lakini iwapo hatari yenyewe ni deni lisilolipika, kazi isiyopatikana au ugomvi wa kila siku nyumbani, king'ora hakizimwi. Kotisoli ikikaa juu kwa miezi mingi huvuruga usingizi, hupunguza kinga ya mwili na kudhoofisha sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu.

Kemikali ya kutuliza huitwa GABA. Kazi yake ni kuzipunguzia kasi seli za neva. Pombe huiongezea GABA nguvu, na ndiyo sababu mnywaji hulegea na wasiwasi wake kupungua. Ubongo nao hujibu kwa kujiongezea msisimko ili kurejesha uwiano. Kwa hivyo, kesho yake wasiwasi hurudi ukiwa umezidi. Mtu aliyekunywa sana kwa miaka mingi akiacha ghafla huweza kutetemeka na hata kupatwa na degedege, hali inayoweza kumuua. Anayekusudia kuacha anafaa kusaidiwa na daktari.

Zipo pia zinazopunguza maumivu. Mnamo 1975, John Hughes na Hans Kosterlitz wa Aberdeen, Scotland, walitangaza kwamba ubongo hujitengenezea wenyewe kemikali zinazofanya kazi kama mofini. Jamii hii ya kemikali hujulikana leo kama endofini. Uchunguzi uliofanywa Ujerumani na kuchapishwa mnamo 2008 ulionyesha dalili za kemikali hizo kutolewa katika ubongo wa wanariadha 10 baada ya kukimbia kwa saa mbili. Oksitosini nayo huhusishwa na uchungu wa kuzaa, kunyonyesha na upendo kati ya mama na mtoto.

Fumbo la serotonini

Kemikali iliyozua mjadala mkubwa zaidi ni serotonini. Asilimia 90 hivi ya serotonini ya mwili hupatikana tumboni na katika matumbo, ambako husaidia kusukuma chakula. Hiyo ya matumboni haiwezi kupenya ukuta unaoukinga ubongo. Wanaowauzia watu ndizi au unga fulani kwa ahadi kwamba serotonini iliyomo itawapa furaha huwa wanawapotosha.

Uhusiano wake na huzuni ulijitokeza kwa njia isiyotarajiwa. Mnamo 1952, wagonjwa wa kifua kikuu katika hospitali ya Sea View jijini New York walipewa dawa mpya iitwayo iproniazidi, wakaanza kuchangamka kupita matarajio. Miaka michache baadaye, Roland Kuhn wa Uswisi aligundua kwamba dawa nyingine, imipramini, iliwapa nafuu wagonjwa wa sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka. Ilipobainika kwamba dawa hizo huongeza serotonini na noradrenalini katika mianya ya seli, wataalamu walihitimisha kwamba sonona ni upungufu wa kemikali hizo. Prozac, inayozuia serotonini kufyonzwa upya, iliidhinishwa Marekani Desemba 1987 na kuieneza dhana hiyo duniani kote.

Dhana hiyo ilikuwa na kasoro tangu mwanzo. Dawa hizi huongeza serotonini katika muda wa saa chache, ilhali mgonjwa kwa kawaida husubiri wiki mbili hadi nne au zaidi kabla ya kupata nafuu. Mnamo 2022, jopo lililoongozwa na Joanna Moncrieff wa Chuo Kikuu cha London lilipitia tafiti za miaka mingi na kusema halikupata ushahidi thabiti kwamba sonona husababishwa na uhaba wa serotonini.

Hilo halimaanishi kwamba dawa ni bure. Uchambuzi uliochapishwa mnamo 2018, uliojumuisha majaribio 522 na zaidi ya watu 116,000, ulionyesha kuwa dawa zote 21 zilizochunguzwa ziliwafaa wagonjwa kuliko vidonge visivyo na dawa, ingawa kwa wengi tofauti haikuwa kubwa. Kidonge cha kutuliza maumivu huondoa kuumwa na kichwa, lakini hakuna asemaye kwamba kichwa kiliuma kwa kukosa kidonge. Wataalamu kadhaa sasa wanaamini kwamba dawa hizo huusaidia ubongo polepole kuunda miunganisho mipya ya seli.

Anayezitumia asiziache ghafla kwa sababu ya mjadala huu. Kuacha kwa pupa huweza kuleta kizunguzungu, kichefuchefu, kukosa usingizi na wasiwasi mkali. Dozi hupunguzwa hatua kwa hatua chini ya uangalizi wa daktari.

Mazungumzo pia ni tiba

Ubongo hubadilishwa na maneno pia. Utafiti uliofanywa katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, na kuchapishwa mnamo 2003, uliwakusanya watu wenye sonona katika vikundi vya mazungumzo kwa wiki 16. Dalili zao zilipungua kwa kiasi kikubwa kuliko za wenzao ambao hawakuwa katika vikundi, na hakuna kidonge kilichotolewa.

Nchini Kenya, Hospitali ya Mathari imekuwa ikiwahudumia wagonjwa wa akili tangu 1910, lakini aibu imewazuia wengi kutafuta msaada. Jopokazi la serikali lilipendekeza mnamo 2020 kwamba hali ya afya ya akili itangazwe kuwa janga la kitaifa. Kwa miongo mingi, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Hivyo aliyenusurika angeweza kutolewa hospitalini na kupelekwa kizimbani. Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba.

Madaktari hushauri kwamba huzuni, au kutopendezwa na chochote, ikidumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, ikiandamana na kukosa usingizi, kukosa hamu ya chakula, uchovu na kujiona hufai, ni dalili ya kumwona mhudumu wa afya. Mwenye mawazo ya kujitoa uhai asiachwe peke yake, bali apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sonona ni maradhi kama malaria au kisukari, na aliye nayo anastahili kutibiwa bila kuulizwa kwanza alimkosea nani.