Karabai

Karabai ni taa ya mafuta ya taa inayotumia msukumo wa hewa. Kichwa chake hupashwa moto kwa spiriti, kisha pampu hupigwa; mafuta hupanda, hugeuka mvuke na kuwaka ndani ya kifuko cha nyuzi. Mwanga mkali hutoka kwenye kifuko hicho, si kwenye moto wenyewe. Kifuko kilibuniwa na Mwaustria Carl Auer von Welsbach mwaka 1885. Mchanganyiko wake uliofaulu, wa 1891, ulikuwa oksidi ya thori asilimia 99 na ya seri asilimia 1. Kikishaungua mara ya kwanza hubaki jivu tupu: ukikigusa tu, kimekwisha. Wavuvi wa dagaa katika maziwa Victoria na Tanganyika waliwasha karabai usiku usio na mbalamwezi kuvutia samaki. Thori ina mnururisho, hivyo vifuko vingi vya sasa hutumia itri.